Mkata Vyuma Kutoka Makambako

Jumatatu, 10 Juni 2024

Wameanza kuling'oa daraja letu la zamani. Ukungu mpaka saa nne, lakini nyundo nimezisikia tangu saa moja. Wanasema limechakaa, litaua mtu, watu wazunguke daraja jipya la juu. Sawa. Ila wateja wangu wote walipita hapa. Nani atatembea lisaa lizima aje kwangu kupunguziwa suruali?

Mama mkwe anaangalia dirishani, miguu juu ya kigoda. Imevimba tena. Anasema alipita pale siku ya harusi yake, ametoka Lupembe, amepanda lori la chai. Amelia kidogo. Nikaendelea kushona.

Jumatano, 12 Juni

Wamekuja mafundi wawili wa kukata vyuma kwa gesi, kutoka Makambako, lori lao likipiga honi njia nzima. Mmoja kafunika uso kwa kofia ya kuchomelea.

Mama kaniuliza ghafla, yule anasimama kama nani? Kama marehemu baba yenu, anasema. Bega moja chini.

Nikatazama. Sindano ikaniingia kidoleni.

Kornelio! Mume wangu. Miaka mitano bila hata salamu. Baba yake tulimzika bila yeye.

Nikamwambia Mama, kila anayebeba vyuma husimama hivyo.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeteremka mchana, wenzake wanakula. Mbao za kupitia bado zipo, nimevuka hadi kambini kwao.

"Kamwene, Germana." Salamu hiyo tu! Kama mtu aliyetoka dukani.

Amekonda. Ana watoto wawili kule Makambako, kaniambia mwenyewe, anaangalia viatu vyake. Kisha akauliza, "Mama mzima?"

Nikamweleza. Hospitali ya Ilembula walisema moyo umechoka, wakaturudisha nyumbani na vidonge. Anakutaja kila siku.

Akasema, "Nitamtazamaje? Hata mazishi ya Baba sikuja. Jumapili nitapanda huko kwenu. Usimwambie, asije akasubiri bure."

Nikakubali. Kwa nini nimekubali? Nataka aje kwa miguu yake, si kwa kuitwa. Na kuna jingine, niliandike tu — miaka mitano namwogesha Mama mimi. Yeye akiingia mlangoni atasamehewa kabla hajakaa.

Jumapili, 16 Juni

Misa ya kwanza, nikarudi mbio. Nimepika viazi na nyama.

Mama: leo tuna mgeni? Hapana, Mama. Mbona chakula kingi hivi?

Hakuja.

Jumanne, 18 Juni

Mbao zimeondolewa zote. Imebaki mifupa ya chuma na maji chini. Fidelia wa jirani alikuwa ng'ambo kwa dada yake, amerudi kwa kuzunguka juu, viatu mkononi, analaani. Mama kacheka. Siku nyingi sijamsikia akicheka, halafu kikohozi kikamshika, nikamshikilia mpaka kikatulia. Amekuwa mwepesi sana.

Kornelio alikuwa katikati ya chuma, anakata. Cheche zinaanguka mtoni. Hakutazama huku hata mara moja.

Ijumaa, 21 Juni

Shedrack, msimamizi wao, kaja asubuhi kuchukua ovaroli nililomtilia viraka. Anasema leo wanakata boriti ya mwisho, wakimaliza wanapakia na kurudi Makambako.

Nilijaribu kukata kitambaa. Mkasi ukaenda upande. Nikapiga magoti mbele ya Mama nikamwambia yote.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Siku tisa," akasema. "Siku tisa, Germana, umeniwekea mwanangu dirishani?"

Akashusha miguu kutoka kwenye kigoda.

"Nipe kitenge. Twende."

Tumepumzika mara nne njiani. Tulipofika, boriti imeshalala ng'ambo, juu ya nyasi. Kwetu umebaki ukingo wa saruji, mbele pengo. Mama akaita jina lake. Sauti haikufika. Nikaita mimi, kwa nguvu zangu zote, mpaka vibarua wakageuka.

Kornelio akavua ile kofia. Mama akasema, mbona nywele nyeupe? Akaanza kulia, mkono mmoja ameunyoosha, kana kwamba pale si mbali.

"Mama! Nazunguka! Rudini nyumbani, nakuja!"

Tukamwona anaanza kupanda njia ya juu, anakimbia kidogo, anatembea, anakimbia. Ukungu ukamchukua. Ilikuwa saa tisa.

Sasa inakaribia saa kumi na mbili. Mama amekataa kulala. Amevaa gauni la kanisani, amekaa akitazama mlango, amesema usifungwe, baridi iingie tu. Hajaniuliza kitu kingine. Chai nimeshaipasha mara mbili.

Lori limepita barabara ya juu sasa hivi, likapiga honi. Honi hiyo naijua.

Mama anasema, siyo la kwao hilo.

Ndiyo, Mama, nimemwambia. Siyo la kwao.