Chokaa ya Buluu na Mafiga Yako

Mama yangu,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipolala, na Mungu akupe nafasi pana. Nitaimaliza barua hii kisha nitakusomea mwenyewe kwa sauti, kama nilivyokuwa nikikusomea barua za mjomba kutoka Unguja. Unakumbuka? Wewe unapeta mchele, mimi nimekaa kizingitini na karatasi. Nikifika penye habari mbaya naruka mstari, nawe huinui hata uso. "Rudi nyuma, mwanangu. Sauti yako imekwepa kitu."

Basi leo kuna mstari ninaotamani kuuruka. Nivumilie, nianze na mazuri.

Nimeolewa, mama. Hamadi mwashi, yule uliyeikubali posa yake ukiwa kitandani, sasa ni mume wangu, huu mwezi wa tatu. Ana mikono iliyokauka kwa chokaa, lakini akinishika kidole nasahau nilichokuwa nikisema. Akirudi kazini husimama mlangoni kwanza anitazame, ndipo avue viatu. Nyumba yetu hapa Bagamoyo ni ya udongo, vyumba viwili na ua, na ukuta wa chumbani una vidaka vitano alivyonichongea mwenyewe. Katika cha katikati nimeweka mrashi wako wa kunyunyizia marashi. Wakati mwingine nakaa chini navitazama tu hivyo vidaka, kama mjinga, nacheka peke yangu.

Siku ya Mwaka ilipokaribia nikapania kuigeuza nyumba nzima iwe mpya. Mji mzima ulikuwa hivyo. Ungekuwapo ungechoka kwa kucheka. Mwaka huu kila mwanamke anataka kioo kielekee mlango, na sahani zisimame kwenye vidaka zikitazama watu, zisilazwe tena kama zamani. Kubwa kuliko yote ni ukuta. Chokaa nyeupe imeonekana ya kizee. Sasa inatiwa nili kidogo, ukuta unatoka buluu laini kama mbingu ya asubuhi. Wameanza wenye maduka, na kila mke wa Bagamoyo amemganda mumewe. Mimi nina mume mwashi. Ningeshindwaje?

Nikamwomba. Akashika sikio lake la kushoto akasema nili imekwisha madukani.

Mama, Hamadi hajui kusema uongo. Akisema uongo husugua sikio. Nilikwisha kulijua hilo wiki ya kwanza, alipokula pilau yangu iliyoungua akaisifu. Nikaliacha lipite. Lakini siku tatu baadaye alirudi kazini na kucha zake zina buluu. Nikamuuliza rangi hiyo imetoka wapi. "Kazini," akasema, na mkono ukapanda sikioni.

Kuanzia hapo sikuwa na raha. Nilimpakulia wali huku nikimchungulia. Nilifua kanzu yake nikiinusa kwanza. Nilimkuta na vumbi jekundu miguuni, na Bagamoyo hapa mchanga wetu si mwekundu. Kisha nikaukosa mkeka wangu mpya, ule wa ukili wa zambarau niliomaliza kuushona juzi. Akasema amemwazima rafiki aliyepata wageni. Sikio. Najua nilikuwa mke mwenye furaha kuliko wote mtaani, na furaha hiyohiyo ndiyo iliyoniogopesha. Nilijiambia, hii ilikuwa nzuri mno, lazima pana mtu anaigawana na mimi.

Jirani yangu Bi Tatu, ambaye haoni jambo akalala nalo, ndiye aliyenimaliza. Alikuja kuomba chumvi, siku mbili kabla ya Mwaka, akakaa bila kuipokea. Akaniambia amemwona Hamadi ufukweni akichagua mawe. Anayageuza, anayapima urefu, anayatupa, anachagua mengine. Mwisho akatia matatu kwenye pakacha akashika njia ya Mlingotini.

"Labda ya kujengea," nikasema.

"Mwenzangu," akasema, "mwashi akijenga huchukua mawe matatu?"

 Wewe ndiye uliyenifundisha, mama. Siku ya Mwaka moto wote unazimwa, majivu yanatupwa, mafiga ya zamani yanatoka jikoni na mapya yanaingia. Mume humletea mkewe mafiga matatu yanayolingana. Yangu Hamadi alikwisha kuniletea, yapo uani yakisubiri siku. Haya mengine matatu yalikuwa ya jiko la nani? Penye mafiga pana jiko, na penye jiko pana mke. Niliyaweka pamoja yote, nili, mkeka, vumbi jekundu na mawe, nikaiona nyumba nzima. Nikamwona na mwanamke mwenyewe, amekaa juu ya mkeka wangu, ukuta wake wa buluu.

Asubuhi iliyofuata, Hamadi alipoondoka, nilijifunga buibui nikamwambia Bi Tatu anisindikize Mlingotini kumwamkia baba. Tulitembea jua likapanda. Njia nzima alinipa habari za wanaume, na kila habari ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Nilipanga kupita kwa baba kwanza, kisha niulize kijijini ni nyumba gani imepakwa upya.

Sikuhitaji kuuliza. Nyumba iliyopakwa upya ilikuwa yako.

Mlango ulikuwa wazi. Ukuta wa chumba chako ulikuwa buluu, rangi ileile niliyoiomba. Kitanda chako kimehamishwa upande wa dirisha, na juu yake mkeka wangu. Hamadi alikuwa amepiga magoti jikoni kwako akiyakalisha mafiga mapya matatu, anabonyeza moja kwa kiganja kuona kama linacheza. Aliponiona mkono wake ulipanda sikioni hata kabla sijamuuliza kitu.

Nikamwambia, "Umemwoa nani katika nyumba ya mama yangu?"

 Aliyejibu ni baba, nyuma yangu, ameshika ndoo ya maji. Nilimwamkia shikamoo, maana mdomo huamkia wenyewe, naye akasema marahaba, kisha akaiweka ndoo chini taratibu.

"Hajaoa yeye, mwanangu. Naoa mimi."

Huu ndio mstari, mama. Sikuuruka.

Ni mjane kutoka Kerege, jina lake Zena. Anaingia baada ya Mwaka. Baba ndiye aliyemwomba Hamadi ayafanye yale yote na afunge mdomo. Hata mkeka, baba aliomba mmoja wa kutandika, hakujua utakuwa wangu. Alitaka kuniambia mwenyewe. Alikuja Bagamoyo mara tatu kwa ajili hiyo, nami kila mara nilimwonyesha vidaka vyangu. "Nakukuta unacheka," akasema, "narudi na neno langu."

Nilimkasirikia, sitakuficha. Niliikasirikia ile buluu kuliko yote, maana ilikuwa imekaa vizuri. Lakini nilipomtazama baba nikaona kanzu yake imeshonwa begani kwa uzi mweusi, mishono mirefu ya mtu asiyejua sindano. Nikakumbuka kwamba tangu ulipokwenda sikuwahi kumuuliza anakula nini.

Nikauliza mafiga yako yapo wapi. Watu huyatupa mbali pamoja na majivu. Baba alinipeleka nyuma ya nyumba. Alikuwa ameyatoa, ameyaosha masizi, ameyapanga chini ya upenu, hakuweza kufika nayo zaidi ya hapo. Lile lenye pengo, ulilokuwa ukigongea mwiko, lilikuwa katikati.

Nikamwambia Hamadi alete pakacha.

Bi Tatu, aliyekuwa kimya kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hapo sauti ikamrudia. Akasema mafiga ya zamani hayaingii jiko jipya, nikiyaingiza nitauingiza na mwaka uliopita.

"Ndio ninaoutaka," nikasema. "Mwaka uliopita mama alikuwapo."

Hamadi aliyabeba hadi Bagamoyo, kwa bega moja, bila kupumzika, na hakuligusa sikio njia nzima. Siku ya Mwaka tuliamka alfajiri tukaoga baharini na watu, tukarudi tumelowa hadi nywele, nikazima moto wangu, nikatupa majivu. Mafiga mapya aliyoniletea nimeyafanya kiti cha mtungi, pale uani, asione nimeyadharau. Jikoni nimeyakalisha yako. Lenye pengo linaelekea kwangu. Ukuta wangu ni mweupe, mama, mweupe wa kizee, nili imekwisha kweli, na mrashi wako unaonekana vizuri zaidi juu ya nyeupe.

Nampenda Hamadi hata naona haya kuandika. Lakini mtu aliyenificha jambo siku kumi na nne kwa ajili ya baba yangu, anaweza kunificha jingine kwa ajili ya mtu mwingine, kwa hiyo sikio lile bado nalitazama. Na huyo Bi Zena sijamjua. Nasikia amekwisha kuuliza sanduku lako la msaji lilikwenda wapi. Liko kwangu, na ufunguo nimeufunga kwenye ncha ya leso.

Hata hivyo nakuahidi. Nitakwenda kumwamkia, nitasema shikamoo kama ulivyonilea, na nitamshonea baba kanzu ile upya. Mkeka nimeuacha, utandikwe. Na kila Siku ya Mwaka, watu wakitupa mafiga yao, mimi nitayatoa yako, nitayaosha, nitayarudisha palepale.

Nimeisoma barua hii jikoni, kwa sauti, mbele ya mafiga yako, tangu juu hadi hapa. Nilipofika kwenye mstari wa baba sauti yangu ilikwepa. Nikarudi nyuma.

Lala salama, mama yangu. Wali uko motoni, na Hamadi amesimama mlangoni ananitazama.

Mwanao,
Mwanahawa