Nani Aliuza Papa Anselme?

Lundi, 9/3
Emission ya asubui ku radio, kisha kuuza unités ya simu mbele ya studio, kisha emission tena. Radio inanipatia jina, unités inanipatia sombe ya kula. Leo ilipita reportage ya Papa Anselme, mufugaji wa Muheto, mwenye analetaka maziwa huku Sake. Batu ya barrière, benye kufunga njia na bunduki, banamunyanganyaka bidon ya maziwa kila akipita. Jina hatukutaja. Sauti yake tuliondoa. Justin, technicien wetu, alirudilia maneno yote na sauti yake mwenyewe. Ku mwanzo tuliacha tu kelele kidogo ya kwake nyumbani, ipatie ladha. Kazi safi. Nilijipigia mikono.

Mercredi, 11/3
Maziwa ya Papa Anselme haikushuka. Bibi yake alipiga simu: "Kaka, ba barrière bamekuya kwetu. 'Papa wa radio iko wapi?' Amekimbilia pori na ngombe." Nilimuambia "pole" tu. Mi, mwenye hata ku kilio nachekeshaka batu.
Nani alisema? Siri tulijua mi, Justin na wenyewe nyumbani. Mi sikusema. Bao hawawezi kujiuza.

Jeudi, 12/3
Justin iko na viatu vipya. Justin anatoka nje kwa kujibu simu. Juu ya nini nje?
Nilimupima na mzaha: "Justin, hivi viatu, barrière njo ilikununulia?" Hakucheka. Muntu safi angecheka.
Nilimufata kwa mbali mpaka njia ya Mubambiro. Alienda kwa mama-mukwe yake, akatoka na fungu ya sombe ku kichwa. Bado namushuku. Muntu anaweza beba sombe na auze mwenzake.

Samedi, 14/3
Papa Kambale, mwenye butike, alileta communiqué, tangazo ya camion yake, tuisome. Akauliza: "Papa Anselme iko aje?"
Nilimukatiza: "Nani alikuambia ni yeye?"
Alicheka mpaka akashika ukuta. "We kaka! Bibi yake alisikilikana ku radio akiita: 'Veronika, Veronika, simama nikukamue.' Masisi nzima, ngombe yenye inaitwa Veronika iko moja tu! Padiri akitaja mutakatifu Veronika, batu ya Muheto banauma midomo basicheke."
Nilirudia kusikiliza. Iko pale, ndani ya kelele ya mwanzo. Justin alisema tuikate. Mi njo nilikataa.
Nimeomba Justin pardon. Amesema "Sawa." Haiko sawa. Nasikia haya.

Lundi, 16/3
Nimepanda Muheto na baiskeli. Papa Anselme amerudi nyumbani, amekonda. Nilimuelezea yote. Nilingoja matusi. Akaendelea kusafisha bidon. Kisha:
"Washa telephone yako, unase sauti."
"Papa, mara hii tutaficha muzuri..."
"Kuficha nini? Banajua nyumba, banajua ngombe. Wakinibeba mi bila jina, nani atauliza? Taja jina."
Bibi yake alitingisha kichwa: ndiyo. Nikawasha. Alisema jina yake polepole, na ya baba yake.
Kushuka, ku barrière, sauti yake ilikuwa ndani ya telephone, ku mufuko ya shati. Batu ya barrière balishika baiskeli, kisha balinunua unités. Nilitupa vichekesho viwili, balicheka. Moja akanirudishia baiskeli yangu, akanigusa bega.
"Kaka, tunakusikilizaka kila asubui."
Nilisema merci. Nilisukuma polepole, bila kugeuka.