Gololi za Tabia Njema

Jumatatu, 6 Mei

Leo Mkuu wa shule katuita sote uani. Walimu, mpishi, mfagizi, na mimi mwenye geti langu. Nilipoona hata mpishi kaitwa nikajua kumekucha. Mlinzi na mpishi hawaitwi kikao kimoja ila kuna kitu kimeibwa! Nikajipapasa mifuko kabisa, isije ikawa wameniwekea.

Kumbe tumeitiwa gololi. Watu wazima na ndevu zetu, kila mtu kapewa mfuko wa gololi! Mpango mpya huo. Fimbo imefungiwa kabatini. "Mlizoea kuwakamata watoto kwa mabaya," Mkuu anasema, na yeye mwanamke akisema kasema, "sasa wakamateni kwa mema." Ukimwona mtoto katenda jema, unamwambia ni jema gani, unampa gololi, anakwenda kuitumbukiza kwenye tangi la kioo mlangoni kwa ofisi. Lile lililokuwa la samaki, samaki wakafa. Tangi ni moja la shule nzima, hakuna langu wala lako. Gololi zikifika mstari mwekundu kabla ya shule kufungwa, fimbo haitoki tena. Zisipofika, Radi anarudishiwa ufunguo wa kabati.

Radi ni mwalimu wa nidhamu, jina kapewa na watoto. Alisimama nyuma, mikono kifuani, anatabasamu. Radi akitabasamu, wewe anua nguo zako.

Mimi sipendi mambo haya. Mimi nilichapwa fimbo ikakatika, ikaletwa ya pili ikakatika, ya tatu mwalimu mwenyewe akakaa chini akaniomba radhi. Ndiyo maana nimekuwa mtu. Niliishia darasa la sita kwa sababu walimu waliishiwa cha kunifundisha.

Nani kazinunua hizi gololi? Anataka nini? Hakuna bure duniani.

Jumatano, 8 Mei

Wamepaka maandishi kuta zote. HESHIMA. USALAMA. WAJIBU. Hata chooni! Heshima ikifika kuandikwa chooni ujue imetafutwa kwingine kote ikakosekana.

Halafu asubuhi napata mshtuko. Pilipili kapita getini kaniinamia: "Shikamoo, Mjomba."

Mimi nusura nidondoshe funguo. Pilipili huyu ni mtoto wa dada yangu, anakaa kwangu, na tangu ahamie salamu yake kwangu ni "Vipi." Shule ya kwanza walimfukuza kwa kuwauzia wenzake majibu ya mtihani. Majibu yenyewe ya uongo! Hapa kapokelewa kwa sababu mimi nilisimama mbele ya Mkuu nikaongea mpaka feni likazimika. Mkuu akakubali kwa sharti moja: hila moja tu, aage. Na shule ya tatu hakuna, dada kasema. Ni kuosha vyombo vya watu.

Sasa mtu kama huyo ananiamkia? Nimemwitikia kwa jicho moja. Gololi sikumpa.

Ijumaa, 10 Mei

Kuna kitu. Mimi macho yangu si ya kawaida. Mimi niliwahi kumtambua mwizi wa baiskeli kwa kivuli chake tu, tena siku ya mawingu.

Kuna mtoto wa darasa la kwanza wanamwita Kisoda, kwa udogo wake. Jumatano Kisoda kaanguka mbele ya geti. Binti mkubwa akamwinua, nikampa gololi. Jana Kisoda kaanguka tena, pale pale, kainuliwa na kijana mwingine, gololi. Leo Kisoda kaanguka tena! Nikamshika goti. Hata mkwaruzo hana. Anaanguka kama paka.

Nimekwenda kumwuliza mpishi kama na kwake wanaanguka. Akacheka. Kwake watoto wanagombania kusugua sufuria, na mfuko wake ulishakwisha kabla ya chakula kuiva.

"Unawapa ovyo," nikamwambia.

"Na wewe unavyozibana, utadhani umezizaa!"

Huyo mpishi naye sina uhakika naye.

Nyumbani Pilipili kaosha vyombo bila kutumwa. Mke wangu kafurahi, mimi nimehesabu vijiko.

Jumanne, 14 Mei

Nimewanasa!

Saa ya mapumziko nilizunguka nyuma ya banda la kuni. Natembea hivi, chui mwenyewe angeniuliza somo. Nasikia sauti ndani. Sauti ya Pilipili, tena ya ukubwa, kama afande.

"Kisoda, ukianguka usicheke. Jana ulicheka."

Kisoda anasema yeye kachoka kuanguka, aanguke mwingine.

"Wiki ijayo utainua. Na wewe, ukimwinua mpanguse vumbi. Kwa mpishi sema asante tu inatosha, ila Mjomba anataka apanguswe. Bila vumbi kupanguswa hatoi kitu. Mjomba ni mgumu."

Nilisimama pale sijui nikasirike au nijione. Mgumu! Kanisoma vizuri huyu mtoto. Kuna zamu ya kuanguka, zamu ya kuinua, zamu ya kuangusha karatasi na zamu ya kuiokota. Kuna hata zamu ya kununa ili mwingine aje kubembeleza. Shule nzima ni mchezo wa kuigiza na mimi mtazamaji wa mbele niliyelipia!

Ningeingia. Mguu ulikwishatoka. Nikakumbuka sharti la Mkuu, mguu ukarudi wenyewe.

Tangi limefika nusu na zaidi.

Jumatano, 15 Mei

Ulimi wangu huu!

Radi kaniita ofisini kwake. Kaninywesha chai, maziwa tele, na mkate kaupaka siagi yeye mwenyewe. Miaka yote hii hata maji hajawahi kunipa. Nilijua ni mtego. Nikanywa hivyo hivyo.

Akaanza. Mzee wa geti, wewe ndiye jicho la shule hii. Hivi unaamini huu wema? Watoto wamelala wakorofi wameamka malaika?

Nikamwambia mimi hakuna kinachonipita. Nikamweleza habari ya mwizi wa baiskeli. Akasema, "Ah, hiyo ni zamani, siku hizi umri nao." Umri! Mimi! Ndipo nikasema, "Zamani? Hata jana banda la kuni nimeona mambo, mwalimu, nikikwambia utakaa chini."

Alikuwa amekaa tayari. Akasimama.

Nikasema naona geti liko wazi, nikatoka mbio. Mkate nimeuacha.

Ijumaa, 17 Mei

Radi anapita getini mara kwa mara, hana safari. Kila akipita: "Tutaongea, mzee." Pilipili jioni kaniuliza mbona sili. Yeye kuniuliza hivyo ni huruma au ni upelelezi? Nimemwambia mwanamume hali kila siku.

Jumatatu, 20 Mei

Leo sielewi.

Baada ya kengele ya mwisho, watoto wanashuka ngazi za ghorofa, binti mmoja kaporomoka kutoka juu. Mimi nikatikisa kichwa. Nikasema moyoni, haya, leo wamepandisha dau, wanaanguka kutoka ghorofani. Nikaenda polepole nione uigizaji. Pana damu kwenye paji la uso. Nikaigusa. Nikainusa. Damu kweli!

Na binti mwenyewe ni yule aliyemrarua Pilipili shati mwezi wa kwanza, hawasemezani tangu siku hiyo. Pilipili alitokea sijui wapi, akavua sweta akamkandamizia, akambeba mgongoni na umbo lake dogo vile, mbio chumba cha huduma ya kwanza. Kisoda nyuma yao kabeba begi linalomzidi. Wengine wakawasafishia njia. Hakuna aliyeniangalia. Mimi nimesimama na gololi mkononi naita, "Nyie! Gololi zenu hizi!" Hakugeuka mtu.

Vumbi hakulipangusa.

Nimewaza njia nzima. Au wamenizidi akili? Au ndiyo hatua ya pili ya mchezo, kufanya bila kuomba ili baadaye waombe vikubwa? Mtu akiigiza salamu wiki mbili, siku ya kwanza ya wiki ya tatu anapoamkia, nani anaamkia pale? Sijui. Nimewahi kumkodolea fahali mwenye hasira mpaka akaona haya akarudi zizini, lakini hili silioni mwisho wake.

Yule binti kashonwa, yuko salama.

Jumanne, 21 Mei

Radi hakungoja. Kanipeleka kwa Mkuu mwenyewe, kanishika bega kama mshukiwa. Pilipili alikuwa ameshaitwa, kasimama ukutani, chini ya neno WAJIBU. Sweta lina damu iliyokauka. Haniangalii.

Radi kasema yote. Kuna udanganyifu banda la kuni, tangi lote ni uongo, limwagwe. Mpangaji ni huyu, tabia alitoka nayo shule ya kwanza. "Na shahidi ni mjomba wake mwenyewe, mtu mwenye jicho la mwewe, kasema kwa kinywa chake."

Mkuu kavua miwani. "Mzee, uliona nini?"

Nilisikia maji yakidondoka bombani huko nje. Nikifungua mdomo ukweli unatoka, Pilipili anakwenda kuosha vyombo vya watu na Radi anachukua ufunguo. Nikikataa, Radi ana maneno yangu.

Nikasema, "Mkuu, mimi sioni."

Radi akasema, "Huoni nini?"

"Sioni. Macho yamekufa mwaka sasa. Watoto nawajua kwa sauti. Pale bandani niliona vivuli, wanaweza kuwa watoto, wanaweza kuwa mbuzi. Mwalimu alinipa chai, nikaona aibu kuinywa bure, nikampa hadithi."

Ee! Mimi! Maneno hayo yametoka kinywani mwangu, mbele ya mwanamke na mbele ya mtoto. Masikio yalipata moto. Radi akachukua kalamu akainyanyua. "Hii ni nini?" Kalamu ya bluu, kifuniko kimetafunwa. Nikasema, "Kijiti?"

Pilipili kakohoa.

Mkuu kaniangalia muda mrefu. Huyo mama naye simwamini, ana macho ya mtu anayejua kisha anauliza. Akasema bila shahidi hana la kumfanya mtoto leo. Lakini mlinzi asiyeona ni hatari kwa watoto, usalama tumeuandika ukutani. Alhamisi niende nikapimwe macho, majibu yaje kwake. Radi kadakia: yaje kwa maandishi, yamefungwa. Na anatabasamu tena.

Jumatano, 22 Mei

Nimeshinda getini nikijikwaa kwa makusudi. Kazi ngumu! Sasa namheshimu Kisoda.

Mke wangu kaambiwa na mpishi kuwa sioni. Kalia. Halafu kaniuliza kama sioni, jana nilijuaje kaongeza chumvi kidogo tu kwa kidole akiwa amenipa mgongo.

Alhamisi, 23 Mei

Naandikia kwenye benchi la kliniki ya macho.

Mkuu kamruhusu Pilipili anisindikize, eti nisigongwe. Pale getini Radi alikuwa anatuangalia. Pilipili kanishika mkono, "Ngazi hiyo, Mjomba. Taratibu." Anaigiza vizuri, nikafikiri, damu ya kwetu hiyo. Tukakata kona, shule haionekani tena. Nikamwambia aniachie, hakuna anayetuona.

"Najua, Mjomba."

Hakuachia. Barabara nzima. Nikamwangalia kwa pembeni nione anataka nini. Nimetafuta usoni mwake, sikuona kitu anachotaka.

Mlango wa chumba cha kupimia uko wazi. Kibao cha herufi kiko ukutani mwisho kabisa. Nakisoma chote kutoka hapa, mpaka mstari wa chini wa herufi za sisimizi, mpaka jina la kiwanda pembeni. Laana ya macho haya!

Pilipili kaniinamia sikioni. "Utasoma mpaka mstari wa ngapi?"

Nikiishia wa kwanza, geti litapata mtu mwingine, na ada ya Pilipili inatoka pale getini. Nikifika wa mwisho, Radi atajua nilidanganya, na atajua kwa nini. Nimemwambia anyamaze, nafikiri. Wa tatu? Wa tatu ni wa mtu anayeona au asiyeona? Nimemwuliza mzee wa jirani hapa benchini, kasema yeye hata kibao hajakiona.

Nesi kaita jina langu. Pilipili kasimama kabla yangu, kanipa mkono. Nesi kaita tena. Nafunga daftari, naushika mkono wake.