Glasi ya papa kwenye mahari ya Bea

Jumamosi, 14 Juni. Asubuhi ya ukungu. Mvua ilinyesha usiku kucha na uwanja wetu hapa Simi-Simi ni matope matupu. Leo wageni wanakuja kwa mahari ya mdogo wangu Bea.

Nimeamka nikitega sikio getini. Naijua tabia hii. Utotoni, papa, baba yetu, aliporudi jioni, mlio wa geti ulitosha kutuambia kama amelewa. Mwili ulikuwa tayari kabla ya kichwa.

Kwetu, tonton, yaani baba mdogo, humimina glasi, msichana huipokea na kumpa baba yake. Baba akinywa, mkwe amekubaliwa. Papa amekufa. Mimi, binti mkubwa, ndiye nitakayekaa kwenye kiti chake, na kinywaji cha ukoo wetu ni lotoko, pombe kali ya mahindi na muhogo.

Niliionja mara moja tu, kwenye matanga ya papa. Moyo ulikuwa unapiga ovyo. Nusu glasi, ukanyamaza kama jenereta iliyozimwa. Wenzangu walikunja uso, wakakohoa.

Mimi nilipumzika. Sijawahi kupumzika vile.

Juzi nilimweleza muuguzi wa kituo cha afya. Nilikwenda kwa sababu ya moyo huu, naye kabla ya kunipima akauliza nani kwetu alikuwa mlevi. Papa, nikasema, na baba yake pia. Akaeleza kwamba hofu ikija, mwili hupiga kengele: moyo unakimbia, mikono inatetemeka. Kwa baadhi ya watu waliotoka kwa walevi, kengele hiyo hailii kama ya wengine, na pombe huinyamazisha kuliko kawaida. Si wote, alisema, na wanaochunguza mambo haya hawajamaliza kubishana.

"Ile raha ya matanga, mama, ndiyo ya kuogopa."

Kwa hiyo asubuhi hii nimetwanga tangawizi na kutengeneza juisi, chupa nzima.

Jioni. Naandika yaliyotokea.

Familia ya mkwe ni wafanyabiashara wa Butembo, watu wa kanisa, wametulia. Tonton Anselme, mdogo wake papa, alikuwa ameanza kunywa kabla hawajafika. Alipoona chupa yangu akacheka mbele ya wote.

"Tangawizi iko ya batoto! Weye uko kwa kiti ya kaka yangu, Rose. Utakunywa ya kaka yangu."

Akamimina. Bea akaipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele yangu. Harufu ilikuwa ya shati la papa. Moyo ukaanza kukimbia, na nilijua kabisa kwamba dawa yake iko ndani ya glasi ile. Nisipokunywa, Tonton angeweza kusema mahari haijapokelewa.

"Yaya, dada yangu, kunywa kidogo tu," Bea akanong'ona. "Batu banaangalia."

Nikaipokea. Mkono ulitetemeka mpaka lotoko ikamwagika kwenye kitenge changu.

"Tonton, unaona mukono? Hii pombe itaituliza mara moja. Ndiyo maana sitakunywa. Papa naye alianza vile."

Tonton akaangalia glasi yake mwenyewe.

Mama wa mkwe ndiye aliyesema: "Bon, sisi tulikuja kutafuta bibi, hatukutafuta mulevi. Mupe ile ya batoto. Na miye munipe, niko na kiu."

Watu wakacheka. Bea akamimina tangawizi, nikanywa yote, koo likaungua. Tonton akatangaza kwamba mkwe amekubaliwa, kisha akainywa ile glasi ya papa. Sikumzuia. Nitakwenda kwake wiki hii, bila kelele, kumwambia aliyoniambia muuguzi. Naye ni mtoto wa baba yule yule mlevi aliyemzaa papa.

Moyo haukutulia nilipomaliza kunywa. Haukutulia wageni walipoondoka. Nilitaka kuona kama utaweza kutulia wenyewe, basi nikaosha vyombo, na nilipokuwa nasugua sufuria ya mwisho nikagundua kwamba siusikii tena.

Saa nne na robo. Nalala.