Usifute Harusi ya Tantine Espérance

Osée,

Ninashuka Kasenyi kutafuta samaki, nitarudi kesho. Sombe iko mu sufuria, uipashe moto mbele ya kula. Koko, nyanya yako, anywe dawa yake kiisha chakula, hapana mbele.

Sasa ile MP4 ya kuangalia video. ~~Nimeificha, hapana kuitafuta.~~ Iko chini ya muto wangu. Uichaji.

Asubui nilikunyanganya kwa nguvu, na weye ukatoka bila kunywa chai. Najua, memware yake imejaa, haina nafasi tena, na unataka kukamata filme zako ku wifi ya parokia. Lakini uliniuliza: "Mama, hii video ya harusi ya tantine, nani angali anaiangalia?" Hapo ndipo roho iliniuma.

Koko anaiangalia. Kila siku, weye ukiwa ku masomo. Bibi-harusi hata hamuone. Ananiambia nisimamishe pale watu wanacheza, ili aangalie nyuma yao: jiko lake, kuku zake, ule mulango wa bluu. Tulipokimbia kutoka Djugu hakuna mutu alibeba picha ya nyumba. Imebaki hiyo tu, na wachezaji wamesimama mbele yake.

Kama nafasi haitoshi, futa nyimbo zangu za kwaya. Zote. Mimi naweza kuimba.

Leo mangaribi ukae naye, umusimamishie pale pale. Umuulize nyuma ya mulango wa bluu kulikuwa chumba cha nani. Ni mule nilikuzala, na mikono ya kwanza kukupokea ilikuwa yake.

Mama