Nilifukiza Udi Parachuti la Mume Wangu

Bi Jalila, shikamoo.

Nimekuwa nikikusoma tangu kidato cha pili, tukiugombania ukurasa wako chini ya dawati, na sikudhani hata siku moja kwamba nami nitakuja kukulilia, tena wakati huu ambapo sijawahi kuwa na furaha kama hii maishani, maana mimi ni bi harusi, hina ya miguuni haijafutika, na kila nikisikia lango letu hapa Mtongwe likilia najikuta nishasimama natengeneza leso kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anakuja. Lakini nimefanya jambo, na nisipopata mtu wa kunishika mkono kabla ya Jumamosi nitapasuka.

Mume wangu Sharif kazi yake ni kuruka kutoka kwenye ndege. Naona ushatoa macho, hata babangu aliyatoa siku ya posa. Huko Diani watu hupanda ndege ndogo, ikishafika juu kabisa hujiachia, na parachuti likawashusha mpaka mchangani. Sharif ni wa zamani katika mambo hayo, na siku hizi kazi yake hasa ni wale wanaoanza. Anayeruka mara ya kwanza hufungwa kifuani pake kwa mikanda wakashuka pamoja, na anayetaka kujua kuruka mwenyewe humfundisha kuanzia chini, kidogo kidogo, mpaka siku wanapotoka mlangoni mwa ndege bega kwa bega.

Nilimpenda kwa sababu ya kazi hiyo, Bi Jalila, usije ukanambia nilidanganywa. Nilikuwa pwani ya Diani na binamu yangu, tunakula mahindi ya kuchoma, mara tukaona mtu anateremka kutoka mbinguni, amemkumbatia mzee mwenye mvi. Wakatua mbele yetu pale. Yule mzee, ambaye ni mwalimu mstaafu wa Port Reitz, alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, anatupigia kelele sisi watu asiotujua, "Miaka yote ndege zapita juu ya bati langu! Leo nami nimeshuka katikati ya safari!" Na huyo aliyemshusha akamfungua mikanda taratibu, akamfuta mchanga usoni, akamnywesha maji, na yeye mwenyewe midomo imemkauka hajaonja hata tone. Nikamwambia binamu yangu, huyu. Binamu akasema, huyu nani? Nikasema, huyu huyu.

Basi ndoa yetu ni asali tupu, wallahi. Hajanipandishia sauti. Akirudi hunieleza alivyomshusha huyu na alivyomtuliza yule, nami husikiliza mpaka chai inapoa. Jambo moja tu nilikatazwa, tena si naye hasa, bali na mavyaa yangu, Bi Rahima, aliyemzaa. Siku aliyonileta ndani aliuonyesha mkoba wa parachuti ulio pembeni ya kabati akasema, "Mwanangu, vyote humu ni vyako. Ule usiuguse. Mimi nimemzaa yeye na siugusi." Sharif akacheka, akasema, "Kweli, mke wangu, huo niachie mimi." Hakusema kwa nini, nami sikuuliza. Parachuti hilo lina heshima yake, alipewa na Kiponda, aliyemfundisha yeye kuruka, siku alipoona mwanafunzi wake ameiva.

Sasa Ijumaa iliyopita Sharif alilitoa mkobani, akalitandaza chumba cha wageni, rangi ya machungwa na buluu, linajaza chumba kizima, maana jioni yake angekuja mwanafunzi wake, Felix Charo, kumfundisha namna ya kulikunja. Huyu Felix ni mtu mzima wa Changamwe, anaendesha winchi bandarini, na Jumamosi hii ndiyo ataruka bila kufungwa na mtu, Kiponda upande mmoja na mume wangu upande wa pili. Sharif akenda zake msikitini. Nami nilikuwa nimeshafukiza kanzu yake, mashuka, na mito, na makaa bado yamo chetezoni yanawaka vizuri, nikatazama kile kitambaa, nikawaza, hiki ndicho kinachomrudisha kwangu kila siku, hiki ndicho anachokiamini kuliko vyote, kitakosaje harufu ya nyumbani? Nikaona kama atakapokuwa kule juu peke yake na upepo, parachuti lifunguke na udi wangu umfungukie pamoja nalo. Nikakusanya kitambaa nikakipandisha juu ya kile kikapu cha kufukizia nguo, chetezo chini, nikanyunyiza na marashi kwa mrashi, huku naimba.

Kaa likapasuka. Cheche ikaruka. Nikaipiga kwa kiganja, nikalivuta parachuti, nikapekua pekua, lakini ni kitambaa kikubwa, Bi Jalila, na rangi zile zinachezea macho. Sikuona kitu. Au niliona nikajikataza kuona. Nikalitandaza tena kama lilivyokuwa.

Sharif aliporudi alisimama mlangoni akavuta pumzi, akasema, "Leo nyumba yanukia fungate!" Nami nikacheka. Hakujua ni nini hasa kilichonukia, kwani Ijumaa kwetu kila kitu hunukia. Felix akaja, wakaketi kukunja, Sharif macho yote yako kwenye mikono ya Felix, "Hapo vuta, hapo lainisha, usiwe na haraka." Naleta sinia ya kaimati, ndipo namsikia anamwambia, "Na kitambaa hiki, bwana Felix, moto usikikaribie hata sigara ya jirani. Cheche moja hutoboa tundu usiloliona, kisha lijae upepo huko juu, sasa hapo hujui litachanika kiasi gani." Sinia ikaniinama. Kaimati mbili zikabiringika sakafuni, Felix akaziokota akala.

Ilikuwa ndiyo nafasi yangu ya kusema, na sikusema. Nikajiambia akiondoka Felix. Felix akaondoka, mkoba ukarudi pembeni ya kabati kungoja Jumamosi, maana wageni huwashusha kwa parachuti la kazini, nikajiambia kesho. Sasa kila nikifungua mdomo naona uso wake ukibadilika kwa mara ya kwanza, namwona Bi Rahima akisema nilikwambia, namwona Kiponda na zawadi yake, namwona Felix ambaye ameshaomba ruhusa kazini na kuwaita wanawe waje kumtazama. Nimefikiria Jumamosi nijilaze nishike tumbo, Sharif hataniacha mgonjwa akaenda kuruka. Nimefikiria pia kwamba labda hakuna tundu, labda natia doa ndoa changa kwa kitu ambacho hakipo. Mshauri wangu, ninyamaze nimwombee dua, nijitie mgonjwa, au niseme? Na nikisema, ataendelea kunipenda?

Ni mimi, Dhahabu, mke mpya wa Mtongwe

*

Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wangu wajue kwamba barua hii sikuingojea ipangwe gazetini. Iliniingilia simuni Jumatatu asubuhi, nikaisoma nimesimama, na nilipofika kwenye ile cheche nikaacha kusoma nikapiga namba iliyoituma. Hayo yaliyofuata nayaandika kwa idhini ya mwenyewe na mumewe, na majina wameniambia niyaache yalivyo, kwani Mtongwe na Likoni nzima wameshapata habari.

Uliitika "Abee" kwa sauti tamu kama bi harusi kweli. Nikakuuliza, "Mume yuko wapi?" Ukasema, "Yuwaoga." Nikakwambia, "Mgongee mlango." Ukaanza, "Lakini Bi Jalila, nilitaka ushauri kwanza…" Dhahabu, huo ndio uliokuwa ushauri wangu wote. Mtu unalala naye kitanda kimoja, roho yake iko kwenye kitambaa ambacho siri yake waijua wewe peke yako, halafu unamwandikia bibi wa gazetini ambaye hujapata hata kumwona! Nilikukaripia siku ile na leo nakukaripia tena mbele za watu, kwa sababu wapo wengi wanaosoma hapa wakiwa na cheche zao walizozipiga kwa kiganja.

Ati ujitie mgonjwa. Jumamosi ile ungeumwa tumbo. Na ijayo? Ungelazwa? Mavyaa yako angeshaanza kushona nguo za mtoto, na parachuti bado liko mkobani na tundu lake. Na dua, mwanangu, nakuombea usiache, lakini dua haikunyimi mdomo.

Uligonga mlango. Ukaiweka simu mezani nisikie. Akatoka, nikasikia maji yanachuruzika, nikakusikia ukisema yote kwa pumzi moja, udi, kikapu, mrashi, cheche, kaimati.  Hata mimi nilishika kifua. Nikamsikia mwanamume anauliza, polepole, "Cheche iliangukia upande wa machungwa au wa buluu?"

"Machungwa. Karibu na mshono."

"Haya. Tulitoe mkobani, njoo ushike huku, mimi nishike huku, tulielekeze dirishani penye mwanga."

Tundu lilikuwapo. Sharif alinambia lingetoshea punje ya dengu, kingo zake zimekuwa ngumu kama ukoko, na karibu yake kulikuwa na jingine, kwa vile kitambaa kilikuwa kimekunjamana pale kikapuni. Wajua alisema nini baada ya kuyaona? Hukumsikia, ulikuwa unalia. Alisema, "Kiponda atanicheka mpaka nizeeke." Basi. Ule uso uliouogopa siku zote hizo haukuja.

Sasa na wewe, Sharif, usidhani umepona, sogea karibu. Wewe ni mwalimu wa watu. Umemketisha Felix nyumbani kwako ukamweleza moto, maji, jua, mchanga, na sababu ya kila kimoja. Mwalimu mstaafu wa Port Reitz, uliyemshusha mara moja tu, nadhani naye anayajua. Mkeo uliyemwoa ulimwambia, "Huo niachie mimi." Katazo lisilo na sababu humfanya mtu aogope mkoba, halimfundishi kuulinda. Ungemwambia maneno yale yale uliyomwambia Felix, chetezo kisingevuka kizingiti cha chumba kile. Tena parachuti lilikunjwa mbele yako, ukitazama mikono ya mwanafunzi ukasahau kitambaa. Nilipokuuliza, hukujitetea, ulisema, "Kweli, Bi Jalila, nimekosa kama mwanafunzi wa jana." Hiyo imekupandisha machoni pangu.

Kuna neno ulinieleza siku ile, na nimekaa nalo. Ulisema huko kwenu, kabla ya kupanda ndege, kila mtu hukaguliwa na mwenzake, mkongwe humkagua mgeni na mgeni humkagua mkongwe, na hakuna anayechekwa kwa kusema "ngoja" wakati miguu ingali ardhini. Mtu akisema ngoja, wote wanangoja. Dhahabu, mwanangu, mwanamume aliyefundishwa hivyo na anayefundisha watu hivyo ndiye uliyeogopa kumwambia ngoja? Wewe uliyempenda kwa jinsi alivyomnywesha mzee maji?

Basi shika haya niliyokwambia kwa simu, nayarudia kwa maandishi usije ukajifanya hukusikia. Bi Rahima mpigie wewe mwenyewe, asisikie kwa jirani. Kiponda mwombe radhi ana kwa ana, usimtume mumeo. Kitambaa kiende kwa fundi wake, si kwa fundi cherehani wa mtaani hata akiwa mjomba wako. Na Jumamosi, badala ya kushika tumbo, ushike njia ya Diani ukafundishwe kila mkanda kazi yake nini. Si lazima uruke. Lazima ujue.

Sitaacha wasomaji wanaulizana, kwa hiyo niseme yaliyokuwa. Bi Rahima alikemea, kisha akauliza udi wenyewe ulikuwa wa nani maana wake umekwisha. Kiponda alimkabidhi Sharif parachuti lake la ziada, na kuanzia hapo hamwiti Sharif, humwita Fungate. Felix aliruka. Wanawe walipiga kelele mpaka alipotua, akakaa mchangani akakataa kuinuka, anasema asisumbuliwe. Lakini lililonipendeza mimi ni lile ulilonitumia kwa sauti Jumamosi jioni, upepo unavuma simuni, kwamba kabla ndege haijawashwa, Kiponda alikuonyesha mara moja, kisha mumeo akaja akasimama mbele yako, akainua mikono yote miwili, akasema, "Nikague."

Ukamkagua, mkanda kwa mkanda, na watu wote wakangoja.

Endelea hivyo. Akisahau kukuomba, mwite. Udi fukiza kanzu yake, shuka zenu, na nywele zako ukipenda. Kile kitambaa kiachie upepo.

Bi Jalila