Klezma Kanisani Kwetu

Jumanne, 4 Februari

Nimetoka kazini, mikono bado ina joto la pasi. Shuka za kliniki, asubuhi nzima. Halafu tramu mpaka Saint-Josse, ngazi za kafe, chumba cha juu. Mazoezi.

Wimbo mpya wa klezma, muziki wa Wayahudi, kwa Kiyidi, lugha yao ya zamani ya Ulaya. Sauti ya pili ni yangu. Ile "kh" bado inanikwama kooni. Esther, mwimbaji wetu mkuu, amenisahihisha tena na tena bila huruma. Anakaribia miaka tisini na sikio lake halisamehe.

Kisha Simon, kiongozi wa kundi letu, akapuliza klarineti. Inalia, halafu katikati ya kilio inacheka. Sijui anafanyaje. Ndivyo walivyoninasa kiangazi kilichopita, kwenye bustani ya Josaphat. Napita na mifuko ya sokoni, nikasimama. Samaki wa barafu wakayeyuka. Sikujali. Nimeimba kwaya tangu utoto, Lubumbashi, ila sikuwahi kusikia muziki ulionijua hivyo.

Tamasha ni Jumapili tarehe 2 Machi. Nalingoja kama mtoto anavyongoja Noeli.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya ibada binti yangu Nadine kaniuliza kwa nini nihangaike na nyimbo za Kiyidi na Kiebrania, lugha za watu. Nikamwambia "haleluya" na "amina" ni Kiebrania. Tumeziimba maisha yote na hakuna aliyelalamika. Kacheka. Donc, basi, atakuja.

Alhamisi, 13 Februari

Simon amepiga simu. Mwenye ukumbi wa tamasha amejitoa. Anaogopa. Hataki tamasha la Wayahudi kwake siku hizi, hataki polisi mlangoni. Amesema kwa adabu sana, eti. Simon akajaribu ukumbi mwingine, akapata jibu lile lile, na adabu ile ile.

Anataka kuahirisha. Nimekasirika. Nimepiga pasi kwa hasira mpaka shuka moja ikaungua.

Hatuahirishi.

Ijumaa, 14 Februari

Salle, ukumbi wa kanisa letu, hapa Schaerbeek! Zamani ilikuwa gereji. Viti vipo, spika zipo, chauffage ya kupasha joto inafanya kazi. Jumapili mchana ibada imeshaisha. Kwa nini sikuwaza jana?

Nimemuuliza Pasta Ilunga. Akasema nikaongee mwenyewe mbele ya comité, kamati ya kanisa.

Jumamosi, 22 Februari

Comité. Nilivaa kitenge cha sikukuu nijipe moyo.

Papa Kasongo, mkubwa wa wazee wa kanisa, alisema hatari hiyo si yetu. Tuna watoto pale, kwa nini tujitafutie maneno? Halafu akaniuliza, "Maman Béa, mu ile nyimbo, banatajaka Yesu?"

Hapana, nikasema. Wanamtaja Mungu, mama, arusi, na pombe kidogo. Wengine walicheka. Yeye hakucheka.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yote yalipotea. Nilisema tu: "Papa, wakati tulifika huku, hatukukuwa na fasi ya kuombea. Batu benye habakutujua njo balitufungulia mulango. Alors, leo sisi njo tuko na mulango."

Pasta akasema ndiyo, kwa sharti polisi wajulishwe na mimi mwenyewe nikae mlangoni. Papa Kasongo akatoka bila kuaga. Imeniuma. Ndiye aliyesimama mahali pa baba yangu siku ya arusi yangu.

Lakini salle tumepata.

Jumapili, 23 Februari

Nilimpa Simon habari, akafurahi mpaka sauti ikamkatika. Baadaye akapiga tena. Esther hataimba. Hakueleza. Alisema tu: si kanisani.

Kofi la uso.

Jumatano, 26 Februari

Nimekwenda kwa Esther, Evere. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza. Sikupata nafasi. Alimimina chai, akaanza kuongea, macho dirishani.

Wakati wa vita, Wayahudi wakiwindwa, akiwa mdogo sana, alifichwa kwa masista. Walimwokoa, na hajawasahau. Ila walimkataza Kiyidi. Neno moja mbele ya mtu mbaya lingetosha kumuua. Walimfundisha nyimbo za kanisa, akaziimba vizuri. Vita vikaisha, mama yake akarudi kumchukua. Mama akaongea. Mtoto hakuelewa hata neno. Kiyidi alikuja kujifunza tena akiwa mtu mzima, wimbo kwa wimbo, mama ameshakufa.

"Kanisani ndipo nilipojifunza kunyamaza," alisema. "Wewe hukujua."

Sikujua. Niliona aibu. Nikamwambia salle yetu ina msalaba mkubwa wa mbao ukutani na siwezi kuuondoa. Bora ajue.

"Nani amekuomba uuondoe?"

Nikamwambia tamasha litakuwepo na kiti chake kitakuwepo. Asipokuja, sauti yake nitaiimba mimi, vibaya. Alinifunga vifungo vya koti kama mtoto wa shule, akafungua mlango.

Ijumaa, 28 Februari

Naimba sauti ya kwanza jikoni. Iko juu mno kwangu. Nadine ameziba masikio. Naendelea.

Jumapili, 2 Machi

Ibada, kisha kupanga viti. Polisi wawili nje, vijana, wanagandishwa na baridi. Nikawapelekea chai. Nikakaa mlangoni kama nilivyoahidi.

Watu wakaja. Marafiki wa Simon, majirani Waturuki, nusu ya kwaya yetu. Papa Kasongo hakuja. Mke wake alikuja, akakaa mbele kabisa.

Simon alikuwa ameshaanza Esther alipofika. Peke yake, na teksi. Akasimama kizingitini, akautazama msalaba.

"Nishike mkono," alisema. "Na usiniibie sauti yangu."

Tukaenda mbele. Wimbo ule unaanza na neno "mame". Alilitoa peke yake, bila ala yoyote, taratibu, kama anamjibu mtu aliyemwita. Maman Kasongo hajui Kiyidi. Neno hilo alilielewa. Alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Nikaingia na sauti ya pili. Hata "kh" ilitoka.

Baadaye fidla, akordioni, mbio. Ulipofika wimbo usio na maneno, ule wa lai-lai-lai, kwaya yetu iliudaka bila kualikwa, ikaongeza sauti ya tatu na makofi ya Katanga. Simon aliacha kupuliza kwa kucheka, ikabidi akimbize klarineti kutufikia. Watu wakacheza duara katikati ya viti. Esther alikaa, akacheza kwa mikono tu. Nilifurahi. Sina neno jingine. Nilifurahi mpaka mbavu zikauma.

Hakuna kilichovunjika.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Wiki hii hakuna mazoezi. Papa Kasongo hajapiga simu, nami sijampigia. Kesho nitakwenda kwake, mkewe akiwepo.

Esther amekuja na basi kula sombe, majani ya muhogo. Amekula vizuri, akauliza pilipili iko wapi. Hatukuimba. Baada ya kula alisinzia kwenye kochi na viatu vyake. Nikavivua taratibu, nikamfunika blanketi, nikazima redio.